Mchungaji, nikiuza shamba nitakuwa nimekataa kumngoja Mungu?

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Shikamoo, na wasomaji wenzangu nawasalimu wote.

Naandika kutoka Rungwe, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mmoraviani wa kuzaliwa, na nilikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama mpaka mambo ya nyumbani yaliponizidi. Swali langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta chini huko: mtu anayemngoja Mungu akiwa kwenye shida anaruhusiwa kufanya nini wakati anangoja? Nimeambiwa nikiuza shamba letu la parachichi nitakuwa nimeonyesha kwamba simwamini Mungu. Nimeambiwa pia kwamba nisipouza nitakuwa namjaribu. Wote wawili walioniambia hayo wanasali kuliko mimi.

Mume wangu alikuwa dereva wa semi. Walikuwa wanapakia shaba Zambia, wanavuka Tunduma, wanateremka nayo hadi bandarini Dar es Salaam. Mwaka juzi gari lilikosa breki akiteremka Kitonga. Anayeijua Kitonga hahitaji maelezo: upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Mume wangu akalipeleka gari kwenye mwamba. Alivunjika nyonga na mguu wa kulia, akapasuliwa, akawekewa vyuma, na mpaka leo safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani kwa magongo. Tajiri wake alikuja hospitali mara moja na maboksi ya juisi, akaahidi mengi, na baada ya hapo simu hapokei. Tulikuja kugundua hakuwahi kuandikisha madereva wake kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ingawa sheria inamlazimu kila mwajiri kufanya hivyo. Shauri lipo, linapigwa tarehe tu. Hilo sikuulizi, lina wenyewe wanaolishughulikia.

Ninalokuuliza lilianza kwa tanboi, yule msaidizi wa dereva.

Tanboi wake alikuwa kijana wa Kyela, amemaliza kidato cha nne, mtoto pekee wa mama mjane. Alifariki palepale. Ubavu wa gari uliopigwa na mwamba ndio aliokuwa amekaa yeye. Tangu siku ile kila anayeingia kwetu anasema, "Mungu ni mwema, amemnusuru baba watoto." Nami huitikia amina, ndivyo tulivyolelewa. Mzee mmoja wa kanisa amenifuata zaidi ya mara moja akitaka nisimame ibadani nitoe ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomshika mume wangu mkono pale mlimani. Sijasimama. Nikifikiria kusema "Mungu alimwona mume wangu" mbele ya watu, naona nina kiti cha pili cha kueleza, na maneno ya kukieleza sina. Nikiuliza naambiwa njia za Mungu hazichunguziki. Sawa, hazichunguziki. Lakini mbona upande wa mume wangu tumezichunguza haraka hivyo, na jibu tukalipata?

Mama wa yule kijana alikuja kutusalimia msimu wa mvua uliopita. Hatukumtegemea. Alishuka kwenye Costa barabarani, akapanda kilima chetu na tope lote lile, kichwani ndoo ya mchele wa Kyela iliyofungwa kwa kanga. Akaomba kuonana na mgonjwa. Nikamwekea kigoda karibu na kitanda. Akalifunua blanketi mpaka magotini, akautazama ule mguu wenye makovu, akauliza, "Unauma zaidi mchana au usiku?" Mume wangu akasema usiku. Yule mama akasema, "Mimi pia ni usiku." Hawakuongea zaidi ya hapo kwa muda mrefu, nami nikatoka kwenda kuwasha moto.

Mchungaji, siku hiyo ndani hakukuwa na unga. Ndizi za kuuza nilikuwa nimeshazipeleka Kiwira zote, na hela yake ilikuwa imeishia kwenye dawa. Nilikuwa nimepanga watoto wanywe chai ya rangi walale. Tukala wali, tena ule wa Kyela unaonukia mpaka kwa jirani. Mama mkwe akasema, "Mmeona? Mungu hajatusahau." Na mimi naamini hajatusahau, sikuandikii barua ya mtu asiyeamini. Ila nilikuwa nampakulia yule mama sahani yake nikijiuliza: Mungu katukumbuka sisi kwa kutumia mkono wa mtu ambaye yeye mwenyewe ana haki ya kuuliza kama alikumbukwa? Au ndivyo anavyofanya kazi siku zote na sisi tunaona nusu tu? Sijapata wa kumuuliza hapa kijijini bila kuombewa kichwani kwanza.

Nimekuwa nikisoma kitabu cha Esta usiku mume wangu akishindwa kulala. Nilikichagua kwa sababu moja: katika Biblia yetu jina la Mungu halimo humo hata mara moja, sura zote kumi. Nikasema hiki ndicho cha kwetu sasa hivi. Na kuna mambo humo sikuwahi kuyasikia kwenye mahubiri, labda nilikuwa nasinzia. Mordekai, yule Myahudi aliyemlea malkia Esta, anaokoa uhai wa mfalme mwishoni mwa sura ya pili. Jambo linaandikwa kitabuni, basi. Hapewi hata asante. Halafu sura ya tatu inafunguka na anayepandishwa cheo ni nani? Hamani, adui wa Wayahudi! Ningekuwa mke wa Mordekai ningesema Mungu amekosea anuani. Miaka inapita ndipo mfalme anakosa usingizi, anasomewa kile kitabu, na jina la Mordekai linatokea usiku uleule ambao Hamani ameshasimamisha mti wa kumtundika.

Halafu ile kura. Hamani alipiga kura mwezi wa kwanza kutafuta siku ya kuwaangamiza Wayahudi, ikaangukia mwezi wa kumi na mbili. Karibu mwaka mzima. Waliokuwa wanahesabu miezi kwa hofu lazima waliona mateso yamerefushwa, kumbe ule urefu ndio uliompa Esta nafasi ya kwenda kwa mfalme. Hapo nilifunga Biblia nikakaa kimya.

Lakini jambo lililonifanya nikuandikie ni Esta mwenyewe. Alifunga siku tatu, hakula wala kunywa, kisha akanyanyuka akaenda kwa mfalme bila kuitwa, na sheria ilikuwa kifo. Hakusema "nitangoja mpaka Bwana afungue mlango". Tena alipofika na mfalme akamuuliza haja yake, hakuisema! Akamkaribisha karamu, na kwenye karamu akamwomba aje tena kesho. Usiku wa katikati ya karamu mbili ndio mfalme aliokosa usingizi. Kwa hiyo mwanamke yuleyule alikimbilia hatari kisha akachelewesha neno, na yote mawili yalitumika. Sasa mimi niige lipi?

Shamba lenyewe ni heka moja. Mume wangu alilinunua kwa hela za safari, akapanda parachichi aina ya Hass, miche ya kubebesha, kabla ya ajali. Miti sasa imefika umri wa kuanza kuzaa. Msimu huu imetoa matunda machache ya kutia moyo, mengine ya maana yanategemewa miaka miwili mitatu ijayo ikitunzwa. Kuitunza ndiko kugumu. Samadi inanunuliwa, palizi inalipiwa, na mimi niko Kiwira na mikungu ya ndizi siku nyingi za wiki. Amekuja mnunuzi kutoka mjini, anataka ardhi pamoja na miti, milioni sita taslimu. Shemeji yangu, mdogo wa mume, ndiye aliyemleta. Anasema, "Shemeji, imani haitalipa hosteli ya mtoto." Mtoto wetu wa kwanza yuko kidato cha nne. Ada hakuna, ni kweli, lakini chakula, hosteli na mitihani ya kujipima vina michango yake. Kikoba ninadaiwa. Mume wangu nikimuuliza anasema, "Fanya utakavyoona," kisha anageukia ukutani. Na hati ya kimila ina majina yetu wote wawili, kwa hiyo bila saini yangu shamba haliuziki. Ndiyo maana kila mtu ananiombea mimi.

Mzee wa kanisa, yule wa ushuhuda, anasema kuuza ni kumsaidia Mungu kama Sara alivyomsaidia kwa kumpa Abrahamu mjakazi wake Hajiri amzalie mtoto. Mama mkwe naye ana hoja yake, na hii inanisumbua zaidi kwa sababu yeye hana ubaya na mtu. Kila asubuhi tunasoma Neno la siku, lile la Wamoravian ambalo limechapishwa tangu 1731. Unajua lile neno la Agano la Kale halichaguliwi na mchungaji kulingana na mambo ya washarika; linachotwa kwa kura, kama bahati nasibu, kule Herrnhut, Ujerumani. Asubuhi ya siku aliyokuja yule mnunuzi, neno lilikuwa la kumngoja Bwana. Mama mkwe akaniangalia tu, hakusema kitu. Mchana mtu anaingia na milioni sita. Kwa mama mkwe shauri limekwisha, Mungu ameshasema. Mimi namheshimu, na siwezi kumwambia usoni ninachofikiria: mnunuzi angefika siku mbili baadaye je? Na Daudi anaposema kwenye Zaburi ya 27 tumngoje Bwana na kupiga moyo konde, anasema tungoje tukiwa na shamba, au hata asiye na shamba anaweza kungoja?

Yupo na nabii mmoja mjini Mbeya ambaye jirani anataka anipeleke. Huyo anataka "mbegu" kwanza, yaani sadaka ya hela. Mbegu ninazo za mahindi tu, kwa hiyo hilo tuliache.

Nimewaza pia njia za katikati. Kuna mtu wa kijiji cha pili aliyekodisha shamba lake kwa misimu miwili, aliyekodi anapalilia na kuvuna, ardhi inabaki ya mwenyewe. Wapo wanaouza matunda yakiwa mtini kwa madalali, bei inakuwa ya kuumiza lakini mti unabaki wako. Nilipomtajia shemeji habari ya kukodisha alisema mnunuzi hataki kukodi. Nilipomtajia mzee wa kanisa alisema ni kuuza kwa mlango wa nyuma. Sikuelewa vizuri kwa nini Mungu awe na neno na mkataba wa kukodisha.

Tafadhali, Mchungaji, usinijibu kwa mfano wa mche na mvua. Nimeshahubiriwa huo kila upande, na mvua huku Rungwe hatuna upungufu nayo. Wala usiniambie nivumilie tu, maana kuvumilia nafanya bila kuambiwa. Nataka unisaidie mambo haya. Je, nikikodisha au hata nikiuza kwa sababu watoto wanataka kula, nitakuwa nimejitoa mikononi mwa Mungu, au hata saini yangu inaweza kuwa ndani ya mikono hiyohiyo? Nitajuaje kwamba hofu ndiyo inayoniendesha, na si busara? Na kuhusu ushuhuda: naweza kusimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu bila kumwumiza mama wa yule kijana, ambaye siku hizi anakuja kwetu kila akipata nauli? Yeye mwenyewe ameshaniuliza mbona sijatoa ushuhuda. Nilimwambia nina kikohozi.

Wasomaji ambao mmepitia kungoja kwa namna hii, hasa mliouguza, nanyi naomba mseme. Waliokodisha mashamba ya parachichi kwa mkataba wa maandishi wanieleze waliandikaje na mwenyekiti wa kijiji alishirikishwa vipi, maana neno la Mungu nalihitaji na hilo pia nalihitaji.

Mnunuzi amesema atarudi mahindi yakishavunwa, na shemeji ameshampa namba ya mwenyekiti. Ukiweza nijibu kabla ya hapo.

Ni mimi,
Mama wa Watatu,
Tukuyu, Rungwe