Ngalawa ya mzee usiuze kwanza

Mbwana ndugu yangu,

Salaam aleikum. Najua utashangaa, mtu wa voisi za dakika moja leo nakuandikia gazeti zima, ila hili jambo kwa voisi lisingeeleweka na ningeanza kucheka katikati. Kwanza mama anaendeleaje na goti lake? Sisi huku wazima, watoto wamefunga shule wapo wanamaliza friji.

Sasa. Wiki tatu nyuma uliniuliza kuhusu ngalawa ya marehemu mzee, kwamba kuna mtu wa Mkwaja anaitaka, mimi nikakujibu neno moja tu, uza. Nilikuwa kazini, mkono mmoja simu mkono mwingine namlisha bibi wa watu uji. Lakini nisikudanganye, hata ningekuwa nimekaa nimetulia ningejibu hivohivo. Mwaka wa tisa huu niko Minnesota sijawahi kumwambia mtu kazini kwamba baba yangu alikuwa mvuvi. Wakiniuliza nasema natoka Tanzania, wao wanasema aah Kilimanjaro, nasema eeh, pale jirani. Yanaisha.

Basi kuna dada mmoja tunafanya nae zamu ya usiku, yeye ni Mu-Ojibwe, wale wenyeji wenyewe wa huku kabla ya mzungu, mumewe ni mzungu wa kawaida tu mpole. Kila Julai wanaenda kaskazini kule mpakani na Kanada, panaitwa Boundary Waters, msitu na maziwa, maziwa zaidi ya 1,000 bana, na sehemu kubwa haruhusiwi mtu kuingia na injini. Kafi tu. Mwaka huu mwenzao mmoja alighairi na kibali kilishakatwa, maana wanahesabu watu, kuanzia Mei mpaka Septemba kila mlango una idadi yake kwa siku na kundi lenu halizidi watu 9, kwa hiyo nafasi ikiwa wazi ni hasara. Akaniambia twende. Mimi nikajua ni pikniki, nikabeba na samaki wa kopo.

Kopo la kwanza hata halikufika. Sheria ya kule chakula cha kopo na chupa za kioo marufuku, nikaacha dagaa wangu kwenye gari nimenuna. Unga wa sembe ukapita.

Kutoka hapa mpaka mji unaitwa Ely ni kama masaa manne, tuseme Tanga mpaka Dar na zaidi kidogo, afu unaendelea na barabara ya msituni mpaka inapoishia. Inaishia majini. Ziwa la kwanza linaitwa Lake One, la pili Lake Two, tatu, nne, yani waliopima walishachoka kutoa majina. Usicheke lakini, hiyo Lake One ina visiwa na vihori vingi hadi watu wanapotea humo saa ya kwanza tu ya safari, na sisi tukapotea, tukazunguka kisiwa kimoja mara mbili, mwenye ramani mkononi anasema tuko sawa.

Mtumbwi wao ni mwepesi we acha, kilo 20 hazifiki vizuri, wa Kevlar, nyuzi zile wanazotengenezea fulana za kuzuia risasi. Na hauna mirengu, zile mbao za pembeni! Nilipokanyaga tu ukayumba nikajihisi kama nimetoka nje bila nguo. Unajua siku zote nilikuwa naiona mirengu ya ngalawa ni kero inanasa nyavu, kumbe ndo ilikuwa inanipa usingizi.

Afu sikiliza hii. Ziwa likiisha, mnatoka, mnabeba mtumbwi kichwani. Kweli. Katikati yake kuna mti umechongwa unakaa mabegani, unaupindua juu yako kama kofia unaingia nao msituni mpaka ziwa la pili. Wanapima kwa rodi, rodi moja ni kama mita 5, urefu wa mtumbwi wenyewe hivi. Njia zetu za kubebea zilikuwa mbili fupi fupi, ila na mbu, na mizizi, na jasho linaingia machoni na huna mkono wa kufutia. Nikawaza mzee angeniona hapa, amekaa miaka arobaini akiomba Mungu chombo kimbebe yeye, mwanae anakibeba chombo. Zamani wabebaji wa biashara ya ngozi walikuwa wanapita njia hizihizi na mizigo miwili mgongoni kwa mkupuo mmoja, kila mmoja kilo 40. Wapagazi, kama wetu wa Bagamoyo.

Upande wa Lake Two na Lake Three miti mikubwa imesimama imekufa, mieupe, na chini yake misonobari midogo imebanana kama mchicha. Mwaka 2011 radi ilipiga, moto ukatambaa wiki kadhaa afu siku moja upepo ukaushika ukachoma zaidi ya ekari 92,000. Dada akachuma koni moja, lile tunda la msonobari, akanipa, ngumu kama jiwe, imejifunga kwa gundi yake. Akasema msonobari wa aina hii koni inakaa imefunga hata miaka, joto la moto ndo linaifungua mbegu zidondoke kwenye majivu. Ninayo hapa mezani, mtoto wetu wa mwisho kaijaribu na meno.

Usiku wa kwanza ndo nikakoma. Choo ni boksi tu la plastiki limekaa msituni, hakuna ukuta hakuna paa, umekaa unaangaliana na miti. Chakula chote tumekining'iniza juu ya mti futi 12 kwa sababu ya dubu. Magharibi inaingia saa tatu usiku, nikatoa dira nikatafuta kibla, huku ni kaskazini mashariki, najua utabisha lakini dunia ni mviringo bana, nikasali juu ya jiwe. Ndo natoa salamu nikasikia kilio. Mbwana, mtu analia ziwani. Mwanamke kabisa, kafiwa. Nikasoma Ayatul Kursi haraka haraka mpaka nikaruka mahali. Wenzangu wanacheka, ni ndege, anaitwa luni, ndo ndege wa jimbo letu. Mweusi ana madoadoa meupe, macho mekundu, mifupa yake mizito si kama ya ndege wengine ndo maana anazama vizuri, ila nchi kavu kutembea hawezi, anaburuta tumbo. Alilia usiku kucha mwenzake anamjibu toka ng'ambo. Siku ya tatu nikawa nalala nikimsubiri aanze.

Kimya cha kule kina sababu. Mwaka 1949 Rais Truman alisaini amri ndege za abiria na za matajiri zisipite juu ya msitu ule chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, maana zilianza kutua ziwani kama daladala. Kwa hiyo husikii kitu. Unasikia maji yanadondoka kutoka kwenye kafi.

Nije kwenye penyewe. Siku ya pili mchana tunavuka Lake Three, mimi nimekaa omo, mbele, kwa sababu mgeni anakaa omo, mume wa dada yuko tezi kule nyuma anaongoza. Upepo ukabadilika. Hauna onyo kule, dakika kumi ziwa limeota mvi. Jamaa akawa anautega mtumbwi ubavu kwa wimbi, moja likaingia, la pili likaingia, mabegi yanaogelea, na mimi mikono yangu ikajua kabla sijawaza. Nikamwambia piga magoti kaa chini, usipigane nalo, lipe bega. Lipe bega! Sauti ikatoka ya mzee kabisa, mpaka na ule ukali, kwa Kiingereza changu hiki cha wodini. Tukaingia kwenye kivuli cha kisiwa, tukabadilishana, nikashika tezi, dada na mwenzake mtumbwi wa pili wanatufata nyuma. Sufuria ikawa upo, jamaa anachota maji anamwaga nje mimi nanyoosha. Wimbi la ziwa ni fupi Mbwana, linakuja la pili hujamaliza la kwanza, halina ile pumzi ya bahari, lakini ukiliangalia mara tano sita unalijua. Tukafika tumelowa kama maboga.

Jioni nikasonga ugali. Walipata samaki wawili, woleye, mtamu sana nyama nyeupe kama ya samaki changu, na walikuwa washachukua minofu wanataka kutupa vichwa. Vichwa! Nikanyang'anya nikapika mchuzi na limao. Ndo tunakula jamaa akaniuliza, taratibu, nani kakufundisha. Nikasema baba. Afu nikasema yote, Pangani, ngalawa, mwembe uliochongwa, kaskazi na kusi, kulala na njaa kipindi cha kusi kikali, na vile nilivyokuwa nasimama mbali na soko la samaki wenzangu wa shule wasinione nanuka. Hakuna aliyenionea huruma, ndo nilichopenda. Dada akauliza kitu kimoja tu. Chombo kina jina?

Nikamwambia Subira. Akasema kwa kwao mtumbwi ni jiimaan, bibi yake aliwahi kuona wa magome ya mti, wanashona magome kwa mizizi halafu wanaziba na utomvu, nikamwambia simama hapo hapo, sisi tulikuwa na mitepe, vile vyombo vya zamani, imeshonwa kwa kamba za usumba, hakuna msumari. Tukaangaliana. Na mwisho wa Agosti wanaenda kuvuna mpunga wa porini, manoomin, unaota wenyewe ziwani, mmoja anasukuma mtumbwi kwa pondo, mti mrefu, mwingine anagonga masuke kwa vijiti nafaka zinaanguka humo ndani. Kwa pondo Mbwana, kama sisi mikokoni! Ardhi waliisaini kwa mkataba wa 1854 lakini haki ya kuwinda na kuvua waliibakiza kwenye maandishi, akasema hilo kwa sauti ya mtu anayejua ukurasa. Kanialika.

Kurudi tukapita Ely kwenye vibanda vya mama mmoja Dorothy Molter, nesi, alikaa Knife Lake, ndani kabisa msituni, kuanzia miaka ya 1930. Wapiga makafi walikuwa wanapita kwake anawapa soda anatengeneza mwenyewe, anaipoza na barafu aliyokata ziwani wakati wa baridi. Serikali ilipotoa watu kule yeye ikamwacha mpaka kufa kwake, 1986, watu wakavibomoa vibanda vyake gogo kwa gogo wakavihamishia mjini wakavijenga upya. Uzio wake ni wa makafi yaliyovunjika. Watu walikuwa wanamwachia kafi likivunjika, anachomeka. Nilisimama pale muda mrefu mpaka jamaa akawasha gari.

Kwa hiyo ndugu yangu, yule mtu wa Mkwaja. Kama keshatoa advansi mrudishie, niambie ni kiasi gani nitume kesho, na kama keshaichukua mwambie nitaongeza juu yake, ajisikie kafanya biashara. Kama bado ipo pale chini ya mkungu itoe kwenye jua imwagie maji, mwembe ukikauka sana unapasuka. Mirengu ndo najua imeliwa, ile ya kushoto tangu mzee yupo hai ilikuwa inalalamika, tafuta fundi aniambie bei, afu we usimwambie ni mtu wa Marekani anaulizia.

Na kafi la mzee, lile lenye alama ya meno ya mbwa, liko kwa nani? Nipigie picha uweke na kiganja chako pembeni nione urefu, nataka nichonge la hivo hivo kabla ya Agosti.

Hatibu