Barua kwa mwanangu: viatu vyako vipya vya barafu

Bombo, Uganda

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mama yako anakusalimu, na bibi bado anauliza kama huko Toronto unakula vizuri.

Picha ya kiatu chako cha kuteleza na kuruka kwenye barafu nimeiona, nikaikuza mpaka mshono ukaonekana. Kocha amesema kweli, kiatu kimekwisha. Ule mkunjo mzito pale kwenye kifundo, unaozunguka hadi nyuma, maana yake ngozi imelegea na haikushiki tena. Ukiruka unatua kwa mguu mmoja ukienda kinyumenyume, na mguu huo unabeba uzito wako mara kadhaa. Ngozi iliyolegea inauachia ulale upande, na hapo ndipo kifundo huumia.

Shangazi yako ameniambia anataka kukuchukulia namba kubwa kidogo uvivae hadi mwakani. Namshukuru kwa moyo wake, na viatu vya shule huku ndivyo tunavyonunua, tunatia pamba mbele mtoto akue navyo. Kwa hivi vya barafu, hapana. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, chuma cha chini hakikusikii. Utakaza kamba mpaka mguu ufe ganzi, na kisigino kitazidi kucheza. Mwambie kwa heshima, na asipokubali nitazungumza naye mimi, ni dada yangu.

Dukani usianze kwa kutaja namba ya viatu vyako vya kutembelea. Vya barafu mara nyingi huwa na namba ndogo kuliko hiyo, na kila kampuni ina umbo lake: Jackson ya Kanada, Edea ya Italia, Riedell ya Marekani, yote ni mazuri, ila mguu wako utapenda moja. Fundi apime miguu yote miwili kwa milimita ukiwa umesimama, urefu na upana. Vaa soksi nyembamba ile ile unayotelezea. Gonga kisigino chini kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba: kwenye vidole ilegee kidogo, pale mguu unapopandia kifundo kaza sana, juu kwenye ndoano legeza upate kukunja goti. Ukisimama wima vidole viguse mbele kwa mbali, na ukikunja magoti virudi nyuma. Vikijikunja, kiatu ni kidogo.

Kaa navyo humo dukani hata nusu saa, usimwonee haya muuzaji. Kikikubana kwenye mfupa mmoja, sema. Vingi siku hizi hupashwa moto vikashika umbo la mguu, na fundi anaweza kuisukuma ngozi nje pale penye mfupa. Kiatu kifupi lakini hakirefuki kwa moto.

Sasa hili ndilo nililolifikiria zaidi. Unavitaka vile vigumu kabisa anavyovaa mwenzako anayezunguka mara tatu hewani. Wewe umemaliza miruko ya mzunguko mmoja, na Axel, ule mruko wa mzunguko mmoja na nusu, ndiyo kwanza unaianza. Kiatu kigumu kupita uzito wako na miruko yako hakipindi. Kifundo kisipopinda, goti halikunjiki, na bila goti huruki vizuri wala hutui salama. Mimi ngozi ndiyo kazi yangu, mwanangu, na ngozi nene haikuongezei nguvu, inazidai. Kocha akutajie ugumu unaokufaa leo, ubaki hapo.

Chuma kifungwe kwanza kwa skrubu chache, uteleze nacho. Kikikuvuta ndani au nje, kisogezwe, ndipo zikazwe zote. Kila ukitoka kwenye barafu kifute kikauke, na usikilaze ndani ya vifuniko vya plastiki, kitashika kutu.

Sehemu yangu ya pesa nimeshamtumia shangazi. Jumamosi mkifika dukani nipigie kwa video, nikuone ukikunja magoti kabla hamjalipa.

Baba yako