Barua kutoka Southampton: kuhusu ile boti ya mita 10

Southampton, Uingereza

Kaka,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, nisalimie mama na wote hapo Tanga.

Ile boti ya faibaglasi unayotaka kuagiza, bei yake isikutie tamaa. Zinauzwa rahisi kwa sababu wenyewe wamechoka kuzihudumia. Maegesho hutozwa kwa mita: pwani hii, chombo cha urefu huo humla mwenyewe zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka hata asipotweka tanga.

Hilo litakupita, maana utatia nanga. Litakalokubana ni chini ya chombo. Mashua unaipweleza wakati wa bamvua, inalala ubavu, unakalafati na kupaka deheni. Hii ya faibaglasi ina mkuku, ule uti wa chini ya chombo, mwembamba unaoshuka karibu mita 2; lazima itegemezwe kwa miti imara au ipandishwe kwa kreni. Rangi ya kuzuia viumbe vya baharini ni lita 5 hadi 6 kwa kupaka mara mbili, kila mwaka. Zinki za kwenye shafti, vile vipande vinavyoliwa na chumvi badala ya propela, zibadilishwe zikishaliwa nusu, na usikubali fundi azipake rangi, kwani hapo maji ya chumvi yataanza kuila propela.

Sasa mlingoti. Unashikiliwa na nyaya za stenlesi, na kampuni nyingi za bima huku hudai zibadilishwe zikifika miaka kumi hivi. Seti nzima ni maelfu ya pauni. Huanza kukatika pale chini, waya unapoingia kwenye kishikio, kwa kuwa maji ya chumvi hutuama humo. Pitisha pamba taratibu: ikinasa, uzi mmoja umeshakatika. Usibadilishe waya huo peke yake, zilizobaki zina umri uleule.

Valvu za mabomba yanayotoboa chombo zikiwa za brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, zikwangue kwa kisu. Ukiona rangi ya waridi, zinki imeshaliwa na imebaki shaba laini. Siku moja itavunjikia mkononi na maji yaingie.

Injini haina makuu: oili, chujio, na impela ya mpira, ile inayosukuma maji ya kupoza, kila mwaka. Impela ikipoteza ubawa, utafute mpaka uupate, la sivyo utaziba njia ya maji ya kupoza. Matanga kwa jua la huko yafunikwe kila yakishushwa. Nyuzi za mshono huoza kabla ya kitambaa.

Usitoe arubuni kabla muuzaji hajaipandisha boti nchi kavu. Nitumie picha za vishikio, valvu na bolti za mkuku, kila moja kwa karibu.

Mdogo wako