Watazame tena wale mabwana wa Toledo wenye nguo nyeusi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku nyumbani hatujambo. Nimesoma ulivyoandika kuhusu makabaila wa Hispania wa karne ya 16, kwamba picha zao zote ni nguo nyeusi tii kama watu waliofiwa. Mimi nawapenda mno, na sitaki uwapite hivi hivi.

Anza na yule bwana mwenye mkono kifuani, wa mchoraji El Greco, aliyechorwa yapata mwaka 1580. Yuko Prado, jumba la makumbusho la Madrid. Usidhani weusi ule ni unyonge. Nguo nyeusi iliyokolea ilikuwa ghali. Mti wa kuitia rangi ulivushwa bahari kutoka Meksiko. Tazama lesi shingoni, mpini wa upanga unaong'aa dhahabu, na medali iliyojificha nusu kwenye koti. Ukubwa wote upo, ila hapigi kelele. Kisha kiganja juu ya moyo, vidole viwili vya kati vimeshikana, kana kwamba anaapa au anatubu. Hata mfalme wao, Felipe II, katika picha iliyochorwa na Sofonisba Anguissola ameshika rozari.

Je, ni unafiki? Sioni hivyo. Kwao, kumcha Mungu kulikuwa sehemu ya uungwana. Ila kuna jambo linaniuma. Nenda kanisa la Santo Tomé, Toledo, uone picha ya El Greco ya maziko ya bwana wa Orgaz, aliyefariki mwaka 1323. Paroko aliiagiza picha hiyo mwaka 1586, baada ya kuwashinda mahakamani watu wa Orgaz waliokataa kutoa sadaka ambayo marehemu aliiusia kanisa. Watakatifu Stefano na Augustino wanamlaza kaburini, na nyuma wamejipanga waungwana wa zama za El Greco. Wengine wana kifuani msalaba mwekundu wa Santiago, chama cha kidini cha waungwana wapiganaji. Kuupata, ilikupasa uthibitishe kwamba ukoo wako ni wa kikabaila na hauna damu ya Kiyahudi wala ya Kiislamu. Mjukuu wa Myahudi aliyebatizwa, hata angesali usiku kucha, alifungiwa mlango. Msalaba wa Yesu ukawa cheti cha nasaba! Usiusahau ukweli huo unaposifu uzuri wa picha.

Mbele kabisa kuna mtoto mwenye mwenge, anayenyoosha kidole. Ni Jorge Manuel, mwana wa El Greco. Kwenye leso yake pameandikwa 1578, mwaka aliozaliwa. El Greco, mgeni kutoka kisiwa cha Krete, alimsimamisha mwanawe mbele ya makabaila wote wale, na mimi kama mzazi namwelewa.

Ni mimi mama yako