Barua ya malalamiko: feni ya saa 20 inayozima baada ya saa moja na dakika 24

Mbagala,
Dar es Salaam.
12 Februari 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uagizaji wa Vifaa vya Umeme,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FENI YA KUCHAJI ILIYOANDIKWA 10,000 mAh

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Mbagala. Jumamosi ya tarehe 20 Januari nilinunua Kariakoo feni yenu ndogo ya mezani, ile nyeupe yenye taa kwa nyuma, kwa shilingi 38,000. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ninayo. Boksi limeandikwa pande mbili, kwa herufi kubwa kuliko jina la feni yenyewe: 10,000 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri, na saa 20. Feni hiyo ikijaa chaji kabisa na nikaiweka namba 3, kasi ya juu, inakaa saa moja na dakika 24.

Nieleze kwanza kwa nini nilichagua ya kwenu, maana sikukurupuka. Kwa kazi yangu panga boi halinifai hata umeme ukiwepo: linapeperusha vipande nilivyokwisha kukata, nikabaki kutafuta mkono wa gauni chini ya meza. Nahitaji upepo mdogo wa kunipiga usoni na shingoni, nguo ikae ilipo. Mgao nao ukiingia, cherehani yangu ni ya kukanyaga, haina habari na umeme. Pasi ndiyo shida. Ya umeme inapumzika, nawasha ya mkaa. Bati juu, kaskazi ya Januari nje, pasi ya mkaa pembeni. Anayetaka kunibishia aje akae nusu saa. Na wiki ile nilikuwa na satini nyeupe ya bibi harusi. Satini na jasho havipatani hata kidogo: tone moja likidondoka linakauka na kuacha duara, na duara lile halitoki kwa pasi.

Pale dukani ziliwekwa feni tatu mezani. Ya mkononi ya 12,000 niliikataa palepale, fundi hana mkono wa tatu. Ya pili ilikuwa ya kubana kwenye ukingo wa meza, 22,000, imeandikwa 2,000 mAh. Ya kwenu walianzia 45,000. Nikauliza tofauti ni nini, kijana akaweka kidole kwenye ile 10,000: "Dada, hii inakesha." Nikapiga hesabu kichwani, mara tano ya ile nyingine kwa bei inayozidi mara mbili kidogo tu. Tukashushana hadi 38,000. Kwa hiyo naomba muelewe, Ndugu Meneja, kwamba sikulipia rangi wala taa. Nililipia saa.

Siku ya kwanza nikadhani sijaichaji vizuri. Siku ya pili nikailaumu chaja, kwa sababu chaja ya simu yangu yenye taipu C pande zote mbili haiichaji kabisa, ni mpaka waya mwembamba uliokuja nayo. Jumapili ya tarehe 28 nikaamua kuipima. Niliichaji usiku kucha hadi taa ikawa kijani, nikaiwasha na saa ya simu pamoja. Namba 3 nimeshataja. Siku zilizofuata nikarudia: namba 2, saa mbili na dakika 5, namba 1, ambayo upepo wake hauzimi hata kiberiti, saa tatu na dakika 10. Hizo 20 sijui zilipimwa na feni ikiwa imezimwa.

Nikairudisha dukani. Yule yule kijana akaniambia bila hata kuona haya, "Dada, mAh hiyo ni ya kwenye boksi." Betri haina garantii, akasema, niwatafute waagizaji. Nimepiga namba iliyo kwenye stika yenu mara tatu, na mara tatu nimeambiwa nitapigiwa.

Ndipo nikaipeleka kwa fundi simu. Akafungua skrubu nne mbele yangu. Ndani kuna nafasi tatu za betri za duara, zile nene kama kidole gumba. Mbili tupu. Ya tatu ina betri moja iliyoandikwa 1200 mAh. Akanifundisha kitu ambacho nadhani ninyi mnakijua kuliko sisi: betri ya namna hiyo inaitwa 18650 kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na zilizo bora kabisa zinafika kama mAh 3,500 basi. Yaani aliyebuni feni hii alikusudia betri tatu nzuri, na hapo 10,000 ingekuwa kweli. Mahali fulani njiani zikatoka mbili, ikabaki moja dhaifu, na boksi halikuguswa. Ni nyumba ya vyumba vitatu yenye mpangaji mmoja, na mimi nimelipishwa kodi ya wote.

Linaloniuma zaidi ni ile ya kubana. Jirani yangu msusi anayo, na namba 1 inampeleka zaidi ya saa nne. Aliyeandika 2,000 alikosa pesa yangu kwa sababu ninyi mliandika 10,000.

Tafadhali msinijibu kwamba feni imeshafunguliwa. Ilifunguliwa baada ya dukani kukataa na ninyi kutopiga simu, na skrubu zote nne zipo. Mgao pia sijawabebesha ninyi.

Naomba mojawapo kati ya haya: mnirudishie shilingi 38,000, au mniwekee betri tatu zinazofikisha kilichoandikwa, tuipime pamoja kwa saa. Na kwa vyovyote vile, feni zilizobaki madukani zibandikwe stika yenye namba ya kweli. Ikiwa ni 1,200, iandikwe 1,200, na bei ishuke hadi hapo. Watu watanunua tu, joto lipo.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita kimya, barua hii pamoja na picha za betri na risiti nitazipeleka Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekataza kumpotosha mnunuzi, na nakala nitaipeleka TBS, Shirika la Viwango.

Mkimtuma mtu kuikagua, nipo kibandani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Ijumaa mchana. Aje na feni yake.

Mteja wenu,
Fundi cherehani, Mbagala

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha tatu (boksi, nafasi za betri, maandishi ya betri).