Salamu za Krismasi kutoka Muyeye, na daftari la Mama

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa! Heri ya Krismasi kwenu nyote, wanajumuiya, wanakwaya, majirani zetu wa hapa Muyeye, na ndugu zetu mlioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni mnatafuta riziki. Na nyinyi majirani zetu Waislamu mliotuletea mkate wa sinia na mabirika ya chai siku zote zile za matanga, salamu hizi ni zenu pia, Mungu awazidishie.

Kaskazi ishaingia, joto hata usiku halipoi, na Malindi yetu imeanza kuchangamka. Ila kwangu mimi Krismasi hii imekuja nzito. Bei mnazijua wenyewe, mafuta ya kupikia, unga wa chapati, nauli za mwezi huu ndio usiseme. Lakini si bei zinazoniumiza, ni kwamba Mama hayupo. Karai lake liko pale pale nyuma ya mlango wa jikoni, jeusi tii, mkono mmoja umefungwa kwa waya, na tangu Juni hakuna mtu nyumbani aliyepata moyo wa kulishusha.

Wengi mlimjua, mama karanga wa pale njiani, miaka ishirini na zaidi akikaanga tafi na vibua jioni watu wakitoka kazini. Lakini kuna kitu hamkijui. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake tulikuta daftari la deni, jalada limelowa mafuta mpaka limekuwa laini kama kitambaa. "Mama mapacha, tafi 3." "Fundi baiskeli, vichwa, 40." "Kijana wa mnazi, 60, mgonjwa." Hilo neno mgonjwa ameliandika sehemu nyingi, na popote alipoliandika hakuna siku ya kulipwa. Mdogo wangu alisema tukusanye hizi pesa tupunguze madeni ya mazishi na mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye.

Manake hayo mazishi yalitumaliza. Hospitali moja ilituambia mwili hautoki mpaka bili iishe, na Mama akalala mochari siku tisa kama bondi ya mkopo, mtu aliyebatizwa, mtu aliyelisha mtaa. Nilikuwa nasikia neno utu wa binadamu kwenye homilia tangu utotoni, zile siku tisa ndio nilijua lina maana gani. Mchango ukapita kwa simu, hamsini, mia, mia mbili. Juzi nimekaa na ile orodha ya mchango nikaiweka pembeni ya daftari, na jameni, majina ni yale yale. Fundi baiskeli aliyeandikwa 40 alituma 200. Waliokuwa wanadaiwa vichwa vya samaki ndio waliomtoa Mama mochari.

Mwaka huu wa 2025 umekuwa wa Jubilei, Mwaka Mtakatifu wa Kanisa, kaulimbiu yake Mahujaji wa Matumaini. Papa Fransisko aliufungua Mlango Mtakatifu kule Roma mkesha wa Krismasi 2024, hakujaliwa kuufunga, akatutoka Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 Aprili, na Mama alimlilia kama ndugu yake wa tumbo moja. Alimpenda tangu 2015 alipokuja Kenya akaenda mpaka Kangemi, kwenye parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, akasema maji ni haki ya kila mtu. Sasa Papa Leo XIV ataufunga tarehe 6 Januari 2026. Na Jubilei asili yake ni nini? Someni Walawi 25, mwaka wa hamsini, mtu anarudishiwa shamba lake, mtumwa anaachiliwa, na ardhi yenyewe inapumzika. Ardhi nayo inadai!

Sisi tunaokaa hapa hatuhitaji kuambiwa hilo. Mvua kubwa ikinyesha bara, bahari yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa, ule ni udongo wa mashamba ya watu unaletwa na Sabaki. Huo mto kule juu unaitwa Athi, unapita karibu na Nairobi unachukua uchafu wake, unakuja unaitwa Galana, ukitufikia ni Sabaki na kila kitu kimo ndani. Ndio Fransisko aliandika kwenye waraka wake Laudato si' 2015 kwamba kila kitu kimeshikana, kilio cha dunia na kilio cha maskini ni cha kusikiliza pamoja. Wazee wetu wavuvi kusi ikivuma waliivuta mitumbwi mchangani, bahari ikapumua. Leo nyavu za matundu madogo zinaburutwa mpaka vifaranga vya tafi vinaletwa sokoni, na anayeumia kwanza ni mama karanga na mteja wake wa shilingi hamsini.

Kwa hivyo wapendwa, kabla hatujaenda kupiga magoti kwenye pango, tuangalie nani tunamdai na nani anatudai. Dada wa kazi mlipe mshahara wake wote kabla hajapanda gari la kwenda kwao, usimpe nusu na leso ukasema ni zawadi. Kibarua wa shamba, mlinzi, yule kijana anayekuletea maji kwa mkokoteni, walipeni! Papa Leo XIII aliliandika hili 1891, na huyu wa sasa amechagua jina lake kwa sababu hiyo, na Mtume Yakobo alishalisema zamani, ujira uliozuiliwa unapiga kelele na Bwana anausikia. Sadaka ya mkesha haiwezi kuziba kelele hizo. Na mikoko tusiikate, na takataka tusimwage mkondoni tukidhani bahari itameza.

Basi niwatakie Krismasi njema yenye amani, na mwaka 2026 uwe wa heri, afya na baraka tele, wagonjwa wapone, walio safarini wafike salama, na marehemu wetu wapumzike kwa amani.

Na wale walioandikwa kwenye daftari, nimewaona mnapita njia ya nyuma mkifika kwetu. Msipite huko tena. Hakuna anayedaiwa kitu hapa. Tarehe 25 baada ya misa nalishusha lile karai mwenyewe, tafi nishaagiza. Njooni na sahani.