Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania

Yah: Ukurasa mmoja wa nyongeza kwenye maombi ya kibali

Ndugu Katibu Mtendaji,

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inamtaka mtayarishaji awe na kibali kabla ya kuwasha kamera, na skripti mnaipitia. Tunaomba mpitie pia jinsi waigizaji wa kike watakavyosailiwa, kuvalishwa, kulipwa na kurudishwa nyumbani.

Chukueni maiki ya kubandika, kitu cha ukubwa wa harage. Hukaa kifuani ndani ya blauzi, waya ukashuka hadi kiunoni. Ratiba isipoitengea muda, fundi sauti huingiza mkono mwenyewe mbele ya watu wote, dairekta akifoka kwamba jua linazama. Itengewe dakika 10 kwenye chumba cha kubadilishia nguo: ngozi ikaushwe kwanza, maana plasta haishiki jasho la Dar, mwigizaji apitishe waya mwenyewe au asaidiwe na mwanamke wa mavazi, fundi abaki nje na hedifoni zake. Kitenge kipya chenye wanga kikikwaruza maiki, warudi chumbani, hata iwe mara ya tatu.

Usaili ufanyike mchana, wasaili wasipungue wawili, mmoja wao mwanamke. Anayeambiwa aje hotelini saa tatu usiku hajaitwa kusailiwa.

Tukio la mapenzi liandikwe: kipi kitaguswa, kipi kitaonekana, nani atabaki chumbani. Likibadilishwa, lisainiwe upya. Kumshtukiza mwigizaji ili "hisia ziwe za kweli" ni uvivu wa dairekta.

Shida kubwa ni mtu mmoja kushika nafasi, malipo na usafiri. Mwigizaji ambaye hela yake yote iko mfukoni mwa huyo, na daladala zimekwisha, atakataaje lifti? Basi nusu ya malipo itoke kabla ya siku ya kwanza, na gari la usiku liwemo kwenye bajeti. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Namba 113 ya TAKUKURU, ambayo ni bure, iandikwe kwenye ratiba ya kila siku, pamoja na jina la mpokea malalamiko asiye dairekta wala prodyuza.

Rasimu ya ukurasa huo tutaileta masjala.

Wasimamizi wa uzalishaji na watu wa mavazi,
Dar es Salaam